Picha Nne za Kibanda cha Pampu

Kazini walimwita Gundi. Ukimwona mara ya kwanza ungedhani ni kwa jinsi alivyokuwa akiganda kwenye meza ya chai mpaka birika likauke, lakini sivyo. Aliitwa Gundi kwa sababu ndiye tarishi wa ofisi ya mazingira aliyekabidhiwa ndoo ndogo, brashi, na kazi ya kubandika matangazo ya serikali kwenye kuta. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mke mmoja, binti mmoja wa darasa la pili, na mdomo ambao bosi wake alisema ungefaa kuwekewa bawaba na kufuli.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuumiza kichwa. Mtu akitaka kujenga mahali maji yanapokaa, kwenye kinamasi au kingo za mto, sheria haimruhusu kuamka tu na kumwaga kifusi. Lazima aombe kibali. Ofisi inaandika tangazo, na tangazo linabandikwa sehemu nne: kwenye eneo lenyewe, sokoni, shuleni na ofisi ya mtaa. Kuanzia hapo wananchi wana siku thelathini za kuleta pingamizi. Zikipita bila mtu kukohoa, kibali kinatoka, na ukikohoa siku ya thelathini na moja unakohoa peke yako. Ili ijulikane kwamba tangazo lilibandikwa kweli, tarishi anapiga picha nne, anaziambatanisha kwenye fomu ya kiapo, anatia sahihi. Basi.

Tarishi aliyemtangulia, mzee aliyestaafu na magoti yote mawili yakiwa mazima, alimfundisha namna ya kuyatunza ya kwake.

"Mdogo wangu, sheria inataka picha," alimwambia. "Hakuna mahali imesema inataka miguu."

Akamwonyesha. Unatafuta jengo moja lenye kuta zisizofanana. Unabandika karatasi, unapiga picha, unabandua, unahamia ukuta wa pili. Dakika kumi tu, umemaliza soko, shule na ofisi ya mtaa bila kutoka jasho. Ofisini ujanja huo waliuita kuzunguka. Hakuna aliyeuona kama uongo. Tangu lini watu wakasoma karatasi za ukutani?

Gundi alizunguka miaka tisa. Aliwahi kulizunguka tangi la maji. Aliwahi kuzunguka choo cha stendi, akawachekesha wenzake wiki nzima kwa kuwaeleza upande upi ulikuwa shule. Kisha Ijumaa moja akapewa tangazo la kinamasi kilicho nyuma ya mtaa aliokulia.

Kinamasi hicho alikijua kuliko ramani ya ofisi. Mama yake alipofariki, shangazi yake ndiye aliyemlea, na shangazi huyo alikuwa mkata mafunjo. Alfajiri aliingia majini hadi mapajani, jioni alisuka mikeka uani. Kila daftari aliloandikia Gundi lilitoka kwenye maji yale. Maji ya visima vya mtaa mzima yalipanda na kushuka pamoja na ya humo, na mwaka mvua zilipokuja kwa hasira ni kinamasi hicho kilichoyameza mafuriko, nyumba zikabaki na matope ya kufutika kwa fagio. Sasa kampuni moja ilitaka kukijaza kifusi ijenge maghala.

Ukingoni palikuwa na kibanda cha pampu, pampu yenyewe ikiwa ilishakata roho zamani. Ukuta wa mbele ulikuwa wa matofali mekundu. Wa kushoto ulipakwa rangi ya bluu. Wa kulia ulipigwa plasta, ukapasuka kutoka juu hadi chini. Wa nyuma ulikuwa mabati yenye kutu, umetazamana na kichaka cha miiba. Ungemwagiza fundi akujengee kibanda cha kuzungukia, asingeweza kukijenga vizuri zaidi.

Ilikuwa saa nane kasoro. Saa tisa kulikuwa na mpira, nusu fainali. Gundi alisimama na ndoo yake akatazama njia ya kwenda sokoni, jua limeikalia. Kwa muda mfupi alimfikiria shangazi yake, na wazo lililomjia lilikuwa jepesi, likapita kama nzi: *Shangazi mwenyewe hasomi. Tangazo litamsaidia nini?*

Akazunguka. Karatasi aliiacha kwenye mabati ya nyuma, kwa hiyo waliopewa siku thelathini za kupinga walikuwa mijusi. Aliwahi mpira. Timu yake ilifungwa matatu bila, na la tatu walijifunga wenyewe.

Shangazi alikuja kwake wiki ya sita, Jumapili asubuhi, mke wa Gundi akiwa ametoka na binti yao. Alikaa kwenye ncha ya kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi, yeye aliyemwogesha mwenye kochi. Mikono yake ilikuwa na michirizi myembamba, ya zamani na ya jana, kwa sababu mafunjo hayana adabu, yanamkata hata anayeyajua.

"Wameanza kumwaga kifusi," alisema.

"Wapi, shangazi?"

"Kinamasini. Malori matatu juzi, jana manne. Vyura wamehamia barabarani."

"Labda wanatengeneza njia."

"Wanajenga maghala. Nimeenda kwa yule wakili, yule binti anayetetea mito na vinamasi. Tulienda na mtega kambare, na wale kina mama wa visimani. Anasema tulipewa siku thelathini za kukataa, na zimeshapita. Anasema tangazo lilibandikwa sehemu nne." Akakunja mikono. "Wewe uko ofisi hiyo hiyo. Hukulisikia tangazo hilo, mwanangu?"

Gundi alijisikia akijibu kabla hajaamua.

"Pale mafaili ni mengi, shangazi. Mengine hata hayapiti mikononi mwangu. Nitakuulizia."

"Utaniulizia."

"Kesho asubuhi na mapema."

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Haya," alisema. "Niulizie." Chai yake hakuigusa. Mlangoni akageuka: "Umenenepa."

"Chai ya ofisini hiyo," alisema Gundi, akacheka. Alicheka peke yake.

Kesho yake asubuhi na mapema hakuuliza mtu, kwa kuwa wa kuulizwa alikuwa yeye. Lakini saa nne wakili mwenyewe alifika ofisini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye begi kubwa kuliko yeye, na ofisini walimwita Vifungu kwa sababu hakuweza hata kusalimia bila kutaja kifungu cha sheria. Alilinganisha faili na nakala alizokuwa nazo begini, akalirudisha, kisha akamwomba Gundi watoke nje kidogo, penye maegesho ya pikipiki.

"Sahihi kwenye kiapo ni yako."

"Ni ya kazi," alisema Gundi. "Mimi natia sahihi, wakubwa wanatia tumbo."

Wakili hakucheka. "Nina shahidi anayesema picha zote nne ni za nyumba moja."

"Kuta zinafanana, dada. Tofali ni tofali."

"Ndivyo atakavyosema wakili wa kampuni. Lakini yule mama hakuchukua hata dakika. Alisema huu ndio ukuta ninaoegemeza mizigo yangu kila asubuhi. Huu ndio uliopasuka mwaka wa mafuriko. Haya mabati nilijikwaruza juzi. Halafu akauliza ni nani aliyeapa kwamba hapa ni sokoni. Nikamsomea jina."

Gundi aliuliza: "Jina langu?"

"Lilivyo kwenye fomu. Sikujua ni ndugu yako. Aliniambia baadaye, akiondoka."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Alhamisi."

Alhamisi. Na kwake alikuja Jumapili.

Gundi alikuwa mtu wa kuaibika na kusahau. Aliwahi kuanguka na keki ya harusi ya watu, akainuka na utani mdomoni. Hii ilikuwa aibu ya ukoo mwingine. Aliirudia Jumapili neno kwa neno. *Hukulisikia tangazo hilo, mwanangu?* Mwanamke yule alikuwa amejua kila kitu, akavaa kanga yake safi, akapanda kilima chote hadi kwake ili amfungulie mlango atoke mwenyewe. Naye akaufunga, tena kwa adabu, akamwambia mafaili ni mengi.

"Alhamisi hii baraza la rufaa linasikiliza ombi letu la kuongezewa muda," wakili aliendelea. "Tukikataliwa, pingamizi halipokelewi tena, na kile kinamasi kitakuwa sakafu ya ghala kabla mvua hazijarudi. Neno la shangazi yako peke yake watasema ni la mwenye maslahi. La kwako lingemaliza ubishi."

"Na mimi lingenimaliza."

"Ndiyo," alisema wakili. "Kuapa uongo ni kosa. Sitakudanganya kwamba si kosa. Ninaweza kukuita kwa hati, lakini shahidi wa kukokotwa husema picha zinajieleza. Njoo kama unakuja."

Bosi alikuwa ameona kila kitu dirishani. Alimwita, akamfungia mlango, akamwongelesha kama mgonjwa.

"Unajua ni nani aliyebandika?"

"Ni mimi, bosi."

"Basi ni wewe. Mimi nilipokea kiapo, nikakiamini. Ukisema ulizunguka, hujaiangusha ofisi, umejiangusha wewe. Kaa kimya. Picha haziongei."

"Bosi, hata wewe unajua kuzunguka. Ulicheka ile ya choo."

Bosi alivua miwani akaifuta. "Sikumbuki choo chochote," alisema.

Jumatano baada ya kazi Gundi alikwenda kwa shangazi yake. Njiani alitunga hotuba yenye mwanzo mzuri, katikati pa kuchekesha kidogo, na mwisho wa kuomba radhi. Alimkuta uani, mkeka nusu mapajani, nyuma yake mzigo wa mafunjo uliokuwa mdogo kuliko alivyozoea kuuona. Kwa mbali lori lilikuwa linamwaga, kishindo kikafuatiwa na vumbi.

"Nimeuliza, shangazi," alisema, na hotuba yote ikamtoka kichwani.

"Wamesemaje?"

"Wanasema aliyetumwa kubandika hakubandika. Alizunguka nyumba moja, akapiga picha."

"Nani huyo?"

Vidole vyake havikusimama: unyasi juu, unyasi chini.

"Mimi."

"Mm."

"Shangazi, naomba unisamehe."

"Hujaniambia kwa nini."

"Kulikuwa na mpira."

"Na mimi?"

"Wewe nini, shangazi?"

"Siku hiyo, umesimama pale kwenye kibanda. Hukunifikiria hata kidogo?"

Hapa ndipo angeweza kupona kwa bei rahisi. Angesema hapana, nilighafilika, akili ilikuwa kwenye mpira, na shangazi angemwita mpumbavu, yakaisha. Kuitwa mpumbavu alikuwa amezoea, alikuwa anaishi humo kama mpangaji wa siku nyingi. Lakini Jumapili ilimtosha.

"Nilikufikiria," alisema. "Nikasema hujui kusoma. Nikasema tangazo halitakusaidia kitu."

Vidole vilisimama. Gundi alimwona shangazi akitazama mkeka, si yeye, akatafuta mahali alipokuwa ameishia kama mtu aliyepoteza hesabu. Gundi alitamani atukanwe. Alitamani arushiwe hata kiatu. Shangazi alipata unyasi wake, akauingiza, akaukaza.

"Kweli sijui," alisema mwishowe. "Ndiyo maana nilikusomesha wewe." Kisha, bila kuinua sauti: "Kayaseme hayo kwa wanaoandika. Hapa kwangu hayaandikwi."

Ukumbi wa baraza ulikuwa chumba cha kawaida chenye viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kujilazimisha, na meza ndefu ambako waliketi watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye kalamu tatu, zote alizitumia. Watu wa kinamasini walijaza safu mbili za nyuma. Shangazi alikaa katikati yao, uso ukiwa mbele. Bosi alikaa karibu na mlango, mahali pazuri pa kutokumbuka vitu.

Gundi aliapa, mkono ukiwa juu na kwapa likiwa limelowa. Mwenyekiti alimpa zile picha.

"Ya kwanza imeandikwa chini: Eneo la mradi."

"Ni kweli, mheshimiwa. Ila lilikaa hapo dakika mbili."

"Ya pili: Sokoni."

"Ni ukuta wa kushoto wa kibanda cha pampu. Ule wa bluu."

"Ya tatu: Shuleni."

"Ukuta wa kulia. Una ufa."

"Na hii ya nne, Ofisi ya mtaa?"

"Hayo ni mabati ya nyuma, mheshimiwa."

Mwenyekiti aliisogeza picha karibu na macho. "Ofisi ya mtaa yenye miiba mlangoni," alisema polepole, na chumba kizima kikacheka. Miaka yote Gundi aliishi kwa kicheko cha watu, alikitafuta kama wengine wanavyotafuta chumvi. Hiki kilimwagika juu yake kama maji ya kuoshea vyombo. Hakuthubutu kutazama safu za nyuma kuona kama kulikuwa na mtu mmoja asiyecheka.

Wakili wa kampuni alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Kwa hiyo bwana, uliapa uongo siku ile, au unaapa uongo leo?"

"Siku ile."

"Sisi tutajuaje?"

"Siku ile nilikuwa nawahi mpira," alisema Gundi. "Leo siwahi kokote."

Wakacheka tena. Safari hii hakuwa amekusudia utani hata chembe. Alieleza kuzunguka kulivyofanywa, tangu alipofundishwa, akataja tangi, akataja stendi. Alipofika kwenye choo alieleza hata upande upi ulikuwa shule. Karani wa baraza aliandika kila kitu, hata choo.

Uamuzi ulitolewa mchana ule ule. Siku thelathini zingeanza upya, tangu tangazo jipya litakapobandikwa ipasavyo. Hadi mapingamizi yasikilizwe, lori lolote lisikanyage kinamasini. Nakala ya kiapo cha mwanzo ipelekwe kwa waendesha mashtaka. Watu wa nyuma walipigiana makofi mabegani, mtega kambare akamkumbatia wakili pamoja na begi lake. Gundi alibaki kitini. Walimpita wote, wengine kwa kumzunguka kidogo, kama watu wanavyolizunguka dimbwi.

Barua ya kusimamishwa kazi ilimfikia Ijumaa. Mkewe aliisoma, akamuuliza kama amekula, na hakuuliza kitu kingine. Jumamosi ukaja ujumbe kwamba shangazi anamwita.

Dereva wa ofisi, aliyeazimwa ndoo na brashi, alikuwa amebandika sehemu zote nne kwa miguu yake, akaondoka akihema. Uani kwa shangazi walikuwepo watu kama ishirini, wamekaa kwenye mikeka. Gundi alisalimia. Wachache waliitikia. Mama mmoja wa visimani alivuta kitambaa chake upande, si kwa kumpisha.

Shangazi alimpa karatasi. Ilikuwa nakala ya tangazo, wakili aliwaachia.

"Tusomee," alisema. "Yote. Usiruke."

"Shangazi, wakili angewaeleza vizuri zaidi."

"Wakili sikumsomesha mimi."

Gundi alifunua karatasi. Alikuwa amebandika mamia ya karatasi za namna hii. Alijua uzito wake zikilowa gundi, alijua upande unaojikunja kwanza. Pale, macho ya watu yakimsubiri, ndipo alipogundua kwamba hakuwahi kusoma hata moja kupita kichwa cha habari.

Akasoma. Alisoma jina la mradi, ukubwa wa eneo, kiasi cha kifusi. Alisoma kwamba mtu yeyote ambaye maji yake, makazi yake au riziki yake inategemea eneo hilo ana haki ya kupinga, wakiwemo wavuvi na wavunaji wa mimea ya majini. Mtega kambare alitikisa kichwa kukubali. Sehemu hiyo ilipita vizuri. Kisha akafika chini kabisa, kwenye maandishi madogo juu ya mhuri, akaanza kuyasoma kabla macho hayajamtangulia.

"Wananchi wasiojua kusoma," alisoma, "watasomewa tangazo hili kwa sauti na ofisa mbandikaji, papo hapo na wakati huo huo wa kubandika..."

Akaishia hapo. Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya jiko.

"Hapo hapo," alisema mtega kambare. "Rudi nyuma kidogo, kaka. Nani atatusomea?"

"Ofisa mbandikaji."

"Ndiye nani?"

"Yule anayebandika," alisema Gundi. "Nilikuwa mimi."

"Rudia basi, tusikie vizuri."

Akarudia, uso ukimwaka. Alipomaliza aliinua macho. Shangazi alikuwa ameegemea ukuta, mikono kwenye magoti. Akasema yeye bado hajalishika hilo la mwisho, asome tena. Gundi akasoma mara ya tatu, polepole, neno moja moja, ingawa shangazi yake hajawahi kuwa na tatizo la masikio.